Siku Niliyopanda Mtumbwi wa Dada Raheli

Mama ndiye aliyenituma. Wachuuzi wa chumvi waliopita kwetu Mgori mwishoni mwa masika walimletea habari kwamba dada yangu Raheli, aliyeolewa mbali kule Iramba, kando ya Ziwa Kitangiri, siku hizi anaingia ziwani kuvua samaki kama wanaume, na mumewe anashinda nyumbani. Hawakusema kwa ubaya. Walisema kama watu wanaoeleza walichokiona njiani, wakanywa togwa yao, wakaenda zao.

Lakini neno lile lilimkaa mama rohoni. Ilikuwa miaka ya Mwingereza, na kwetu upande wa msituni samaki hakuwa chakula. Tulikula ugali wa uwele na mtama, mlenda, maziwa, na nyama ilipopatikana. Samaki tulimweka kundi moja na nyoka. Mwanamke kuingia kwenye maji makubwa, tena maji yenye viboko, ili kutafuta kitu cha namna hiyo, mama hakuweza kulielewa. Alikaa nalo siku kadhaa, kisha akaniita.

"Nenda ukamlete," aliniambia. "Ukikuta mumewe amemgeuza punda, usibishane naye. Mchukue dada yako mje nyumbani."

Mimi nilikuwa kijana wa mizinga. Kazi yangu ilikuwa kupanda miti na kurina asali katika msitu wa Mgori, na urefu haukunitisha. Maji ndiyo sikuyajua. Ziwa la pale Singida mjini nilikuwa nimeliona, lakini hilo lina magadi, na mtu hulitazama akiwa pembeni akaendelea na safari yake. Kuogelea sikujua, na hata mto unaotiririka mwaka mzima sikuwa nimewahi kuuvuka.

Niliondoka Mgori kabla ya jua kuchomoza, nikiwa na fimbo, blanketi na kibuyu cha asali kwa ajili ya shemeji. Usiku wa kwanza nililala Utemini, pale Singida mjini, kwa mtu wa ukoo wetu aliyekuwa dobi, akifua na kupiga pasi nguo za wakubwa wa boma. Nilipomweleza ninakokwenda alishusha pasi yake ya mkaa, akaniuliza kama najua kuogelea. Nilimjibu kwamba naenda kumchukua mtu, siendi kuoga. Hakucheka. Aliniambia kwamba asubuhi kuna lori la Mhindi mmoja wa dukani linalopeleka kaniki na sukari Kiomboi, na kwamba dereva hawafukuzi watu wanaokaa kimya juu ya mizigo.

Safari ya lori ilikuwa ya vumbi. Tulipita kati ya majabali makubwa ya Singida, yale yaliyopandana kama mtu aliyapanga akayaacha, kisha tukashika njia ya kaskazini. Kwa muda mrefu tulienda sambamba na tuta la reli iliyong'olewa. Reli yenyewe haikuwapo tena, wala mataruma yake, lakini tuta lilikuwa limenyooka hadi macho yanapokomea, na mbuzi walikuwa wakilipanda na kushuka. Abiria mwenzangu, mama mmoja wa Kinyiramba aliyekuwa na kuku wawili, aliniambia kwamba aliwahi kulisikia gari moshi likilia pale, na kwamba hata sasa mbwa wa kijiji chao huinua masikio jioni saa lilipokuwa likipita. Tulifika Kiomboi jua likiwa limeinama. Nililala hapo.

Kutoka Kiomboi nilitembea kwa miguu. Nchi ilikuwa ya juu na yenye baridi, mashamba ya mtama pande zote, na sikuona dalili yoyote ya ziwa. Nilianza kudhani nimepotezwa. Halafu, katikati ya asubuhi, ardhi ikakatika mbele yangu. Nilikuwa nimesimama juu ya ukuta wa bonde, na chini kabisa kulikuwa na kitu cheupe kilichotanda kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilidhani ni ukungu. Nikaketi juu ya jiwe kusubiri uinuke, ili nione njia ya kuteremkia.

Mwanamke aliyekuwa akipanda na mzigo wa kuni alinikuta pale. Nilimwamkia, nikamwuliza ukungu ule huondoka saa ngapi. Alitua kuni zake, akatazama nilikokuwa nikitazama, akatabasamu.

"Huo hauondoki, baba," alisema. "Hilo ndilo Kitangiri."

Nilibaki nimekaa baada ya yeye kwenda. Sikujua kwamba maji yanaweza kuwa mengi kiasi hicho yakabaki kimya. Kadiri jua lilivyopanda yalibadilika, yakawa ya kijivu, kisha ya samawati, na ndege weupe walipita juu yake makundi kwa makundi wakionekana kama majivu yanayopeperushwa. Nikaanza kuteremka.

Chini kulikuwa na joto na harufu ambayo sikuijua, harufu ya matope na samaki waliokaushwa. Mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, nilimwona dada kabla hajaniona. Alikuwa amefunga kaniki juu ya magoti, anauburuta mtumbwi mchangani peke yake. Alikuwa amekonda usoni na kunenepa mabegani. Nilimwamkia. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka, halafu akanikumbatia, na mikono yake ilikwaruza shingo yangu kama ganda la mti.

Nyumbani tulimkuta mumewe, Msengi, ameketi kwenye kigoda akipika. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini anashinda nyumbani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda tangu pajani na misuli yake imeliwa. Kiboko alikuwa amepindua mtumbwi wake mwaka uliotangulia, akamshika paja. Wenzake walimtoa, akalala miezi, akapona, lakini mguu ule haukukunjika tena na bila gongo hakuweza kusimama. Dada alikuwa hajatuma habari hiyo Mgori kwa sababu alijua mama angefanya nini.

Msengi alipokea asali kwa mikono miwili, akauliza habari za nyumbani mtu mmoja mmoja. Yeye na mimi tulizungumza Kiswahili, na lilipokosekana neno alitia la Kinyiramba nami la Kinyaturu, tukaelewana. Aliniwekea ugali na perege wa kuchemsha. Nilimtazama yule samaki, naye akanitazama kwa jicho lake moja jeupe. Msengi aliliona jambo hilo, akaondoa bakuli bila neno, akaniletea maziwa ya mgando.

Baada ya chakula nilieleza nilichotumwa. Nilieleza yote, hata lile la punda, kwa kuwa nilikuwa nimeagizwa na sikutaka kuficha. Msengi alichokoa moto.

"Shemeji," alisema mwishoni, "mimi sikumwomba aingie majini. Nilimkataza. Akitaka kwenda kwao, mlango sitauziba."

Nilimgeukia dada. Alikuwa akifunga fundo kwenye wavu na hakuinua kichwa. Aliniambia kwamba kesho yake tutakwenda ziwani pamoja, na tukirudi, kama bado nitataka aondoke, basi tutalizungumza.

Tuliingia majini kulipoanza kupambazuka. Mtumbwi ulikuwa gogo moja la mkuyu lililochongwa, mwembamba hivi kwamba magoti yangu yaligusa pande zote mbili. Dada aliniambia nikae chini kabisa, nisishike kingo kwa nguvu, na nisisimame kwa sababu yoyote. Alisukuma kwa pondo, akaruka ndani nyuma yangu, na ardhi ikaniachia.

Sijui nieleze vipi. Juu ya mti, hata tawi likiyumba, unajua mti wenyewe umeshika ardhi. Pale hapakuwa na kilichoshika chochote. Nilipopumua mtumbwi ulijua, na nilipogeuza kichwa uliinama upande huo. Kwa muda nilifumba macho nikisikia tu tone la maji likidondoka kutoka kwenye kasia la dada. Halafu aliniambia nitazame.

Jua lilikuwa linatokea juu ya ukuta wa bonde, na ziwa zima lilikuwa jekundu. Mwari, ndege weupe wenye midomo mirefu, walikuwa wamekaa juu ya maji mamia kwa mamia, wakaanza kuruka safu baada ya safu, na mabawa yao yalivuma kama kundi la nyuki ninalolijua mimi, isipokuwa hawa walikuwa wakubwa kama mbuzi. Walipita juu yetu chini chini hivi kwamba upepo wa mabawa uligusa uso wangu. Pembeni, vichwa vya viboko vilikuwa kama mawe, na mawe yale yalikuwa na masikio yanayotikisika. Dada aligonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, polepole, ili wajue tuko wapi. Walizama mmoja mmoja. Nilikuwa na hisia kwamba nimeingia mahali ambapo sikualikwa, na mwenyeji ameamua kuniacha nipite.

Tuliinua wavu wa kwanza. Dada aliuvuta taratibu huku mimi nikiegemea upande wa pili kama alivyonielekeza, na perege walitoka wakimeta, wakipigapiga miguuni mwangu. Niliinua miguu kwa hofu, naye akacheka kicheko kilekile cha utotoni tulipokuwa tukichunga ndama. Kisha akanipa mshipi na ndoana yenye kipande cha utumbo, akaniambia niitumbukize na kusubiri.

Nilipovutwa nilidhani ndoana imenasa kwenye mzizi. Halafu mzizi ule ukaondoka. Mshipi ulikata vidole vyangu, mtumbwi ukageuka wenyewe, na mimi nikaanza kuinuka bila kujua.

"Kaa," dada alisema, wala hakupaza sauti. "Mwache aende. Akichoka, mvute."

Nilifanya hivyo. Alikwenda, akarudi, akazama, nami nilikuwa nikihisi maisha yake yote mkononi mwangu kupitia uzi ule mwembamba. Alipofika juu alikuwa kambale mrefu kama mkono wangu, mweusi, mwenye ndevu. Dada alimshika nyuma ya kichwa akamtia ndani. Nilikuwa nimerina mizinga mingi na kuumwa mara nyingi, lakini hakuna kitu kilichowahi kunivuta namna ile kutoka mahali nisipopaona.

Kabla ya adhuhuri dada alitaka kuinua wavu wa mwisho, uliokuwa ndani ya mfereji kati ya matete. Ni njia waliyoichimba viboko wenyewe kwa kupita. Tuliingia humo, maji yakiwa ya kina cha kifua. Tulikuwa tukifungua mafundo wakati upepo ulipoanza. Ulitoka upande wa ukuta wa bonde, na dada aliinua kichwa akaninyamazisha, ingawa sikuwa nikisema kitu. Aliniambia kwamba upepo huo huja alasiri, na leo umewahi. Alishika kasia akageuza mtumbwi haraka.

Sikuelewa haraka ilikuwa ya nini mpaka nilipotazama mashina ya matete. Yalikuwa na mstari wa unyevu, na mstari ule ulikuwa juu ya maji. Maji yalikuwa yanaondoka. Dada alinieleza huku akipiga kasia kwamba Kitangiri ni ziwa pana lisilo na kina, na upepo ule ukivuma kwa nguvu huyasukuma maji yote upande wa pili, huku kwao kukabaki tope, mpaka upepo utulie. Nilimsikia lakini sikumsadiki. Maji kuhama, kama ng'ombe wanaopelekwa malishoni? Halafu mtumbwi ukakwaruza, ukasimama.

Mbele yetu, mdomoni mwa mfereji, palikuwa pamebaki dimbwi moja, na ndani yake alikuwa kiboko jike na ndama wake. Alikuwa amekwama kama sisi. Alitutazama. Nilichukua kasia nigonge ubavu wa mtumbwi kama dada alivyofanya asubuhi, naye akaushika mkono wangu.

"Usigonge," alininong'oneza. "Asubuhi alikuwa na pa kwenda. Sasa hana."

Kushuka hatukuweza, kwa kuwa pondo lilizama ndani ya tope karibu lote. Kulia na kushoto kulikuwa na ukuta wa matete. Kwa hiyo tulikaa. Jua lilituchoma, samaki waliacha kupigapiga, nzi wakaja. Yule kiboko alikuwa akipumua kwa nguvu, na kila alipopumua nilifikiria paja la Msengi. Mara moja alisogea hatua chache kuelekea kwetu akafunua kinywa, nikaona meno yake ya manjano na koo lake lote. Dada hakutikisika. Alikuwa ameweka kiganja chake mgongoni mwangu, na kwa kiganja kile nilijua kwamba yeye pia anaogopa, kwa sababu kilikuwa baridi katika joto lile.

Ndama alilia, mama yake akarudi dimbwini.

Ni hapo, kwa minong'ono, dada aliponiambia mambo. Alisema Msengi alipolala na jeraha, majirani waliwalisha, kisha wakachoka, kama watu wanavyochoka. Mtumbwi ulikuwa umekaa mchangani unapasuka kwa jua. Siku moja aliuingiza majini kwa kuujaribu tu, kuona kama bado unaelea. Akapanda. Alizunguka mbele ya mwalo kama kuku aliyekatwa kichwa, watu wakamcheka, akarudi amelowa. Kesho yake alikwenda tena. Nilimwuliza kama haogopi. Alisema anaogopa kila siku.

"Lakini mwambie mama sikutupwa majini," alisema. "Niliingia mwenyewe. Na nikiwa huku, mdogo wangu, naona vitu. Leo umeviona. Nikikaa Mgori nitaviona wapi?"

Niliwafukuza nzi kwenye samaki.

Jua lilipokuwa limeshuka kiasi, matete yaliacha kulala. Upepo ulikuwa umekufa. Kulikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia tena. Kisha nikaona unyasi mmoja mkavu ukija kwetu ndani ya mfereji. Ulikuja polepole, na nyuma yake povu jembamba, na chini ya povu maji, yasiyo na wimbi wala kelele, yakijaza nyayo za viboko moja baada ya nyingine. Tope lilitoa mapovu. Yule kiboko jike alisimama, akamtia ndama ubavuni, akasubiri kidogo, kisha wakaondoka kuelekea ziwani bila kutugeukia. Na mtumbwi, ambao nguvu zangu zote zisingeusogeza, ukajiinua wenyewe chini ya mapaja yangu, taratibu, kama ng'ombe anavyoinuka na mtoto aliyemlalia.

Nililia. Dada aliona, akaniacha nilie.

Tulipokaribia mwalo, watu walikuwa wamesimama ufukweni, na mmoja alikuwa ndani ya maji. Alikuwa Msengi. Aliposikia kutoka kwa wavuvi waliorudi kwamba upepo umewahi na sisi hatujaonekana, aliomba mtumbwi, wakamkatalia kwa sababu ya mguu wake na kwa sababu maji yalikuwa bado hayajarudi. Kwa hiyo aliingia kwenye tope na gongo lake. Maji yaliporudi yalimkuta humo. Tulimkuta yamemfika kifuani, amekumbatia gongo kwa mikono miwili, anaita jina la dada kwa sauti iliyokwisha kukauka. Alipotuona alinyamaza. Dada aliruka akamshika kiunoni, wakatoka pamoja, na mimi nikabaki kwenye mtumbwi sijui niangalie wapi.

Jioni ile nilikula samaki. Msengi alinipikia yule kambale wangu, nikala mpaka mifupa. Hatukulizungumza tena lile jambo la kuondoka.

Nilirudi Mgori kwa njia ileile, ukutani, Kiomboi, juu ya lori, Utemini, nikiwa na mzigo wa perege waliokaushwa ambao watu wa lori waliukimbia kwa harufu. Mama alikuwa uani anachambua mlenda. Alitazama nyuma yangu njiani, akaona sikuongozana na mtu. Nilimwamkia, nikaketi, nikamweleza tangu mwanzo. Nilijua nimekwenda kinyume na agizo lake, na nilieleza kama mtu anayejitetea barazani. Alisikiliza bila kuacha kuchambua, mpaka nilipofika kwa Msengi.

"Aliingia majini na mguu ule?" aliuliza.

Nilisema aliingia.

"Yakamfika wapi?"

Nilimwonyesha kifuani. Mama aliweka ungo chini. Alikaa hivyo hata kuku wakaanza kudonoa mlenda, naye hakuwafukuza. Nilidhani ataniuliza juu ya dada, au atanigombeza.

"Na yale maji," alisema, "yakirudi yanapiga kelele?"

Nilimwambia hayapigi. Nilimweleza kwamba unayajua tu pale kitu ulichokalia kinapoanza kuinuka. Akaniambia nirudie, nikarudia. Samaki hakuwala, lakini hakuwatupa. Alimpa jirani mmoja mjane aliyewahi kukaa pwani.

Tangu safari ile sisemi tena kwamba najua mtu anaishi vipi mpaka niwe nimekaa alipokaa. Nimejifunza pia kwamba kuna mambo makubwa yanayofanyika kila siku mahali fulani bila mtu kuyaamuru na bila kutungoja tuyaone. Ziwa lilikuwa likienda na kurudi miaka yote niliyokuwa juu ya miti yangu, wala sikuwa na habari.

Tulipomaliza kuvuna uwele mama alifunga mzigo, akaniambia nimpeleke. Alitembea vizuri kwa umri wake. Mwaloni dada alitaka kumpeleka kwanza nyumbani apumzike, mama akakataa. Alivua makubadhi yake, akapandisha kaniki, akateremka hadi ukingoni ambapo maji yanaanza. Hata wavuvi waliacha nyavu zao wakamtazama. Alisimama pale akiangalia mbali, mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kuona maji yasiyoonyesha mwisho. Halafu, kabla ya kutia mguu wake, akapiga hodi.